Nepi Iliyopita Dirishani

Tangu wamzike mwanawe, mdogo mtu hakuwa amecheka. Akisalimiwa aliitikia, akiwekewa chakula alimega, akiambiwa lala alilala, lakini ilikuwa kama mtu aliyeazima mwili wa mwingine na anauchunga usichafuke. Kwa hiyo alasiri ile, walipokuwa wakikunja nguo zilizoanuliwa na yule mdogo akaangua kicheko cha ghafla, dada yake alishtuka, kisha akashukuru kimoyomoyo. Kicheko ni kicheko. Hata kikija na machozi, acha kije.

"Unajua nimekumbuka nini, dada?"

"Nini, mdogo wangu?"

"Siku ile ya choo chenu cha kupima." Mdogo mtu aliweka shuka chini, akajifuta macho kwa kiganja. "Mheshimiwa wangu alikuwa hajaenda haja. Kajifungia ofisi, hataki kumwona mtu. Na wewe jana yake ulipita hapa umenuna, mkubwa wako kakusema mbele za watu kwamba sampuli za mtaa wako hazifiki. Nikasema hapana, leo dada yangu harudi mikono mitupu. Nikakimbia kwa jirani: jirani, niazime nepi ya mwanao. Akaniletea safi. Namwambia siyo hiyo, nataka iliyotumika. Dada! Alivyonitazama!"

Akacheka tena, safari hii mpaka akajishika ubavu.

"Nikakupa hapo dirishani. Na wewe na haraka zako, 'Asante mdogo wangu, umeniokoa.' Umeondoka, nikaingia ndani nikamwambia Mheshimiwa, mwanangu, leo tumempiga mama mkubwa chenga."

Dada mtu alicheka naye. Alicheka kwa sababu mdogo wake anacheka, kama mtu anavyopiga miayo akimwona mwenzake. Halafu kicheko kikakatika, akabaki na nguo mkononi nusu imekunjwa.

"Una nini?"

"Nimepaliwa tu," alisema. "Lete hiyo foronya."

Mtaani walimwita Dada Kopo. Jina hilo walimpa watoto, wakubwa wakalidaka, na mwisho hata yeye mwenyewe akigonga mlango na kuulizwa nani, alijibu, "Kopo." Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba zenye watoto wachanga akiwa na sanduku la barafu begani, na ndani ya sanduku vikopo vidogo vyenye vijiko vya plastiki kwenye vifuniko, kwa ajili ya kuchukulia choo cha mtoto. Utani haukumwishia. Vijana wa kijiweni walikuwa wakimwita kwa mbali, "Dada, umetubebea nini leo, tumeshinda na njaa!" Naye alikuwa hawachelewi: "Chenu kimebaki ofisini, kipo kwenye friji, njooni na vijiko." Aliipenda kazi yake. Aliipata baada ya kusoma shule ya jioni, kwanza akiwa na mimba, kisha akiwa na binti yake mgongoni, akijifunza majina ya sehemu za tumbo huku akimtikisa mtoto asiliamshe darasa zima kwa kilio.

Mradi wenyewe ulikuwa wa chanjo ya matone, ile ya kumkinga mtoto na ugonjwa wa kuharisha. Siku ya kwanza ya mafunzo, Daktari, mama mwenye mvi za mbele tu aliyekuwa akitembea na chupa ya chai iliyopoa, aliwaeleza wachukuaji kwa lugha nyepesi. Chanjo ya sindano, alisema, inapenya kwa mlango wa nyuma, haisumbuliwi na mtu. Ya kunywa inaingia mlango wa mbele, na mlango wa mbele una walinzi. Kuna tindikali ya tumboni inayounguza kila kitu kigeni. Kuna maziwa ya mama, ambayo yana kinga yake, nayo hayatofautishi kijidudu cha ugonjwa na kijidudu cha chanjo. Na kuna vijidudu vingine chungu nzima vilivyokwisha kuingia kwa maji na kwa mikono, vimejaa humo tumboni kama wageni wa harusi, mgeni mpya hapati hata pa kuegemea.

"Na sisi tunataka akae," alisema Daktari. "Kijidudu cha chanjo ni kilekile cha ugonjwa, tumekipunguza makali tu. Kisipofika kikiwa hai, kikakaa, kikazaliana kidogo, mwili wa mtoto haujifunzi kitu. Kwenye nchi zenye maji safi, matone haya yanashika kwa karibu kila mtoto. Kwetu hapa, wengi wanayameza na yanapita tu kama maji kwenye bomba. Mama anarudi nyumbani amefurahi, mtoto amechanjwa, kumbe hajachanjwa."

Walikuwa wamejaribu njia nyingi. Walijaribu kumpa mtoto dawa ya kutuliza tindikali kabla ya matone. Walijaribu kuwaomba akina mama wasinyonyeshe kwa muda kabla na baada, na akina mama wakakubali kwa mdomo kisha wakageukia ukutani wakanyonyesha. Sasa walikuwa wanajaribu njia hii ya choo. Wiki moja baada ya matone, choo cha mtoto kinapimwa. Vijidudu vya chanjo vikionekana humo, maana yake vimepata makazi, matone yameshika. Visipoonekana, mtoto anaitwa apewe matone ya ziada. Ni hilo tu. Lakini wapimaji walitegemea kitu kimoja: kwamba choo kilichomo kwenye kopo ni cha mtoto ambaye namba yake imebandikwa nje ya kopo.

Kwa sababu hiyo kulikuwa na amri. Mchukuaji aingie ndani. Aione nepi ikivuliwa kwa mtoto kwa macho yake mwenyewe. Dada Kopo aliishika amri hiyo kwa kila nyumba, hata kwa mama mmoja mkali aliyemwambia, "Unataka kuniona na kitanda changu hakijatandikwa, siyo?" Kwa kila nyumba, isipokuwa moja. Siku ile barafu ilikuwa inayeyuka, jua limesimama, na mdogo wake akatoa mkono dirishani na nepi iliyokunjwa vizuri. Mdogo wake, ambaye walilala kitanda kimoja mpaka mmoja wao alipoolewa. Angeingia kufanya nini? Kumchunguza?

Majibu yalipotoka, Mheshimiwa hakuitwa. Matone yalikuwa yameshika, tena vizuri sana. Dada Kopo alikwenda mwenyewe kuwapa habari. Shemeji yake, fundi wa kuchomelea mageti, alimnyanyua mwanawe juu akamwambia, "Mheshimiwa, umepita bila kupingwa!" Mtoto aliwatazama wote kwa kununa kidogo. Ndivyo alivyokuwa tangu siku ya kuzaliwa: alichelewa, akawaweka watu wodini wakimsubiri, na alipofika akawakodolea macho, kisha akalala bila kutoa hotuba. Jina lilimpata hapohapo.

Mtoto alipoanza kuharisha miezi michache baadaye, mdogo wake alipiga simu asubuhi. "Dada, tumbo la mtoto silielewi."

"Ana homa?"

"Kidogo."

"Itakuwa meno hayo," alisema Dada Kopo, sanduku likiwa begani, yuko katikati ya njia. "Usiogope. Wa kwako yalishika. Mnyonyeshe sana, nitapita nikitoka kazini."

Alipopita, macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiivuta ilikuwa inabaki imesimama. Shemeji alimchukua mikononi akakimbia bila viatu. Wodini muuguzi alitafuta mshipa kwenye mkono, kwenye mguu, mwisho kwenye kichwa, na mishipa yote ilikuwa imenywea. Kulikucha hawana mtoto.

Hayo yote Dada Kopo alikuwa ameyabeba tangu msibani, akiwa amejiambia kama alivyoambiwa na kila mtu kwamba hakuna chanjo inayokinga kila mtoto. Sasa alikuwa amekaa juu ya mkeka na foronya mkononi, na mdogo wake mbele yake bado ana masalio ya kicheko kwenye midomo, hajui alichokisema.

Siku iliyofuata Daktari alimwita. Alimkuta kwenye chumba cha mikutano, amevua viatu chini ya meza, karatasi zimemzunguka, chai yake haijafunguliwa.

"Kaa. Pole tena. Hata sijui niseme mara ngapi."

"Nimeshapoa, Daktari."

"Hujapoa, na mimi sijapoa. Nisikilize, sitaki hili ulisikie kwenye korido." Alivuta kiti karibu. "Watoto wote ambao matone yalishika, hakuna hata mmoja aliyelazwa kwa kuharisha. Hata mmoja. Ila wa kwenu. Angekuwa ameumwa akapona, ningesema sawa, chanjo inapunguza, haizibi. Lakini amefariki. Sasa wakubwa wananiuliza, na wana haki ya kuniuliza: kama kushika hakumkingi mtoto, matone ya ziada ni ya nini? Tunawasumbua akina mama na vinyesi kwa faida gani? Kuna kikao wiki hii. Wanataka mitaa iliyobaki tusiiguse, turudi mezani tuanze upya."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema sielewi. Nimeyasoma majibu yake mpaka macho yameuma. Yalishika mno, unajua? Kama ningeambiwa nichague mtoto mmoja nimwonyeshe kwa watu, niseme huyu ndiye, ningemchagua yeye."

Maneno yalimfika Dada Kopo kwenye meno yakasimama. Akayasukuma. "Na kama choo chenyewe hakikuwa cha kwake?"

Daktari aliweka karatasi chini. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Nauliza tu," alisema Dada Kopo. "Tuseme kimechanganyika."

"Tuseme kimechanganyika," Daktari alirudia polepole, "basi huyo mtoto hatujui kama yalishika. Na kifo chake hakipingi kazi yetu. Lakini siwezi kwenda kikaoni nikasema mchukuaji wangu, ambaye ni dada wa mama, amehisi labda kulikuwa na mchanganyiko. Watasema tunatafuta pa kujifichia. Na sampuli iliisha yote kwenye vipimo, hakuna cha kurudia. Mama mwenyewe aje, aseme kwa kinywa chake." Aliinama akavaa kiatu kimoja, akasahau cha pili. "Na akisema, ataelewa alichokisema. Hilo umelifikiria?"

"Sijafikiria kingine tangu jana."

"Mimi sitamwita," alisema Daktari. "Sitatuma mtu. Nina watoto na mimi. Likija, litakuja kwa miguu yake."

Kurudi nyumbani siku hiyo, Dada Kopo alipita njia ndefu makusudi. Angeweza kunyamaza. Hilo alilijua na lilikuwa tamu, kama kiti kwa mtu aliyesimama kutwa. Akinyamaza, mdogo wake atazeeka na kumbukumbu ya nepi ya kuazima kama kichekesho, labda kichekesho pekee alichobakiwa nacho cha mwanawe. Nani ampokonye hicho? Lakini njia ile ndefu ilipita kwenye mtaa wa juu, mmoja wa ile iliyobaki, mahali ambapo bomba ni moja na ndoo zimepangwa foleni kama watu. Pembeni ya foleni mama mmoja alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananyonyesha. Mtoto alikuwa mdogo kiasi kwamba bado kisigino chake hakijapata ugumu. Huyo naye atameza matone. Yasiposhika, hakuna atakayemjulisha mama yake, kwa sababu kikao kitakuwa kimeamua kwamba kujua hakuna faida. Kimeamua hivyo kwa ushahidi wa Mheshimiwa, ambaye hakutoa ushahidi wowote.

Alimkuta mdogo wake uani, amekaa kwenye kigoda, ameinamia beseni. Alikuwa anakamua maziwa. Nguo ya kifuani ilikuwa imelowa mabaka mawili, na yeye alikuwa anabana meno.

"Bado yanakuja," alisema bila kuinua kichwa. "Huku hayajapewa habari."

Dada mtu alichuchumaa akamshikia beseni. Wakakaa hivyo mpaka titi la pili likalegea. Kisha akasema, maana alijua akisubiri kidogo tu hatasema kamwe:

"Ile nepi ya jirani."

"Enhe." Tabasamu dogo.

"Tulikuwa tunapima kama matone yameshika. Ya mtoto wa jirani yalikuwa yameshika. Ndiyo majibu tuliyowaletea."

"Najua. Si ulituambia..." Akaacha. Dada Kopo aliliona neno likimfikia. Halikumfikia kwa pigo, lilimfikia kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, taratibu, uzi mmoja mmoja.

"Kwa hiyo ya Mheshimiwa hayakupimwa."

"Hayakupimwa."

"Na kama yangepimwa, yakawa hayajashika?"

"Angeitwa. Apewe mengine."

"Angepewa mengine." Mdogo mtu alilitazama beseni. "Yangemponya?"

"Sijui, mdogo wangu. Naapa sijui, na hakuna anayejua. Inawezekana yalishika tangu mwanzo. Kuna wanaopewa ya pili na bado..."

"Usinifariji."

"Sikufariji. Nakwambia ilivyo."

"Wewe ulisema ni meno."

"Nilisema."

"Nilitaka kumpeleka asubuhi ileile. Baba yake alishavaa. Wewe ukasema usiogope, wa kwako yalishika."

"Nilisema hivyo," alisema Dada Kopo. "Nilisema kwa sababu ya ile nepi, na ile nepi niliipokea dirishani kwa sababu ni wewe. Kwa mwingine ningeingia ndani. Ningemwona hajaenda, ningerudi kesho yake. Kosa ni la kwangu kabla halijawa la kwako."

"Na mimi nilikupa kwa sababu ni wewe!" Sauti ilimpasuka. "Angekuwa mchukuaji mwingine ningemwambia hajaenda, njoo kesho, ananihusu nini huyo! Nilitaka usisemwe, dada. Ulikuja hapa unataka kulia!"

Jirani, yuleyule, alichungulia juu ya ukuta mfupi wa ua. "Jamani, kuna usalama huko?"

"Upo," walijibu wote wawili kwa pamoja, kama walivyokuwa wakimjibu mama yao zamani, na jirani akazamisha kichwa chake.

Mdogo mtu alifunga vifungo vya nguo, akakosea kimoja, akafungua akaanza upya.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini. "Ningekuwa wewe nisingesema. Ningekufa nalo."

Dada Kopo alimweleza. Alimweleza kikao, na mitaa iliyobaki, na swali la wakubwa, na kwamba neno la mama tu ndilo litakalosikilizwa. Alimweleza na yule mtoto wa foleni ya bomba, kisigino chake. Hakupamba. Alipomaliza, mdogo wake alikuwa anamtazama kwa macho ambayo hakuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu anayempima mgeni mlangoni.

"Kwa hiyo hukunijia mimi," alisema. "Umeijia kazi."

"Nimewajia wote wawili."

"Haiwezekani. Ungenijia mimi ungeniacha nicheke."

Dada Kopo alibaki amelishika beseni la maziwa, hajui pa kuyamwaga, maana kila mahali palionekana si mahali pake.

"Nenda nyumbani," alisema mdogo wake. "Binti yako anakusubiri. Una mtoto anayekusubiri. Nenda."

Alikwenda. Binti yake alimkuta jikoni amesimama mbele ya jiko lisilowashwa, akamshika mguu, akamwambia, "Mama, umesahau moto." Alimnyanyua akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa.

Hakumtarajia mtu siku ya pili yake. Alifika kazini, akaanza kupanga vikopo kwenye sanduku, na alipoinua macho akamwona mdogo wake amesimama kwenye mlango wa zahanati, amevaa nguo aliyoivaa siku ya kumleta Mheshimiwa kwa matone. Amechana nywele. Mume wake alikuwa nyuma yake na mikono yake mikubwa yenye makovu ya cheche, haijui ishike nini.

"Daktari wako yuko wapi?" aliuliza mdogo mtu. Hakusema dada.

Dada Kopo aliwapeleka. Alitaka kutoka, mdogo wake akasema, "Kaa. Usikie."

Basi alisikia. Mdogo wake hakulia. Alieleza kama mtu anayeelekeza njia: mtoto alikuwa hajaenda, nikaenda kwa jirani, nikachukua nepi ya mwanawe, nikaipitisha dirishani, na dada yangu hakujua. Daktari aliuliza kwa upole yule mtoto wa jirani ni nani, ili jirani naye aulizwe, na kama alipata matone wiki ileile. Ndiyo. Aliuliza kama ana hakika na siku. Ana hakika. Shemeji alikuwa akisikia haya yote kwa mara ya pili, maana inaonekana usiku aliambiwa, na bado aliinama akafunika uso.

"Ahsante," alisema Daktari alipomaliza. "Ulichokifanya leo..."

"Usinishukuru," alisema mdogo mtu. "Nakuomba. Niambie kitu kimoja tu. Mtawaendea wale wa mitaa mingine?"

"Nitapigania hilo kikaoni. Siwezi kukuahidi uamuzi wao. Lakini jana sikuwa na silaha, na leo ninayo."

"Basi mseme ni mtoto wangu. Msiseme namba."

"Kikaoni hatutaji watoto..."

"Sikuombi jina. Sema tu alikuwa mtoto wa mtu, na mama yake alikuja."

Daktari alitikisa kichwa kukubali.

Walipotoka, kibarazani kulikuwa na benchi lililojaa akina mama wakisubiri zamu ya matone, watoto wamelala, wanalia, wanacheua mabegani. Mdogo mtu alisimama. Dada Kopo alifikiri atageuka, atafute mlango mwingine. Badala yake alijishikiza kwenye ncha ya benchi pale palipobaki nafasi, akaketi. Aliyekuwa karibu naye alikuwa binti mdogo kabisa, mzazi wa mara ya kwanza, bado anamshika mtoto kama sahani iliyojaa mchuzi.

"Shikamoo dada," alisema yule binti. "Wa kwako yuko ndani?"

"Marahaba. Hapana." Mdogo mtu alivuta pumzi. "Nilikuja kumsemea tu."

Binti hakuelewa, akaona haya kuuliza. Akamfunika mwanawe miguu iliyokwisha kufunikwa. Mdogo mtu aliuangalia uso wa yule mtoto kwa muda, mikono yake mwenyewe akiwa ameikalia.

"Watakuja nyumbani kwako baada ya wiki," alisema. "Wanataka choo chake. Watu watakucheka, waache wacheke. Na kama siku hiyo hajaenda, sema hajaenda. Hata kama umempenda vipi aliyekuja kukiomba. Sema hajaenda, arudi kesho."

"Sawa, dada," alisema yule binti, amekodoa macho. "Nitasema."

"Sema hivyo hivyo."

Mlango ulifunguliwa, muuguzi akaita anayefuata, benchi zima likasogea, na yule binti akasogea nalo. Mdogo mtu alinyanyuka. Mume wake alimpa mkono, akaushika. Dada Kopo aliwafuata mpaka kwenye ngazi, sanduku likimgonga nyonga, akanyoosha mkono wake kumgusa mdogo wake begani. Mdogo mtu hakuukwepa. Aliuacha hapo mpaka ngazi ya mwisho, kisha akautoa kwa vidole viwili, bila hasira, kama mtu anayeondoa unywele kwenye nguo.

"Leo usije kwangu," alisema. "Na kesho usije."

"Nije lini, mdogo wangu?"

Alifikiri. Kwa kweli alifikiri, paji la uso likakunjana, akawa anatafuta jibu la haki na halioni.

"Sijui," alisema. "Nitakutumia mtu."

Wakaondoka wawili, mume amepunguza hatua zake ndefu ili zilingane na za mkewe. Dada Kopo alisimama kwenye ngazi akiwatazama mpaka wakakunja kona. Ndani ya sanduku barafu ilikuwa inayeyuka, na mtaa wa kwanza wa siku hiyo ulikuwa ni ule wa mdogo wake, wenye dirisha lile na jirani yule. Aliupandisha vizuri mkanda wa sanduku begani, akaenda kumwomba msimamizi wake mtaa huo ampe mtu mwingine.